Betri ya Pili

Nilianza kusoma Jumatatu, tarehe 8 Januari 1962, nikiwa mke wa mtu na mama wa mtoto aliyekwisha kuota meno. Darasa la watu wazima lilikuwa katika chumba cha nyuma cha kanisa letu huko Gesima, na jambo la kwanza tulilofundishwa kuandika baada ya majina yetu lilikuwa tarehe. Wenzangu waliona ni kazi ya bure. Mimi niliona kwamba mtu anayeweza kuiandika siku aliyoiishi hawezi kuambiwa na mwingine kuwa siku hiyo haikuwapo. Tangu hapo sijapoteza tarehe hata moja iliyo na maana kwangu, na atakayenibishia aje na zake.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa umeme wa magari katika gereji moja mjini Kisii. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi, jambo lililowashangaza wengi, kwa kuwa mafundi wa siku zile walijulikana kwa kucha zao. Aliniambia zamani, tukiwa bado wachumba, kwamba umeme haupendi uchafu wala haraka. Nilidhani ananipa mahubiri ya ndoa. Miaka ilipopita nilitambua kuwa alikuwa akizungumzia betri tu.

Mama yangu mzazi alianguka Alhamisi, tarehe 11 Agosti 1966, kwenye mteremko wa shamba lake karibu na Magwagwa, akiwa amejitwika mkungu wa ndizi. Uti wa mgongo uliumia, na miguu yake haikumtii tena. Alikuwa mjane tayari, na mwanawe wa kiume wa pekee, mdogo wangu, alikuwa bado mvulana wa kaptula. Hospitali ilipomruhusu kutoka, alitoka na kiti cha magurudumu, nasi tukamchukua kuja Gesima.

Nikisema tulimchukua, sina maana kwamba alikuja kuishi nyumbani mwetu. Sisi Wagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni. Mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawali wakitazamana, wala hawakai ndani ya chumba kimoja. Wageni hudhani ni chuki. Ni kinyume cha chuki. Ni uzio ambao pande mbili huupanda ili kila mmoja alime kwa amani. Kwa hiyo mume wangu aliomba nyumba ndogo ya jirani ng'ambo ya njia ya ng'ombe, akaweka sakafu ya saruji ili kiti kizunguke, na mama akakaa humo. Kutoka mlangoni pake aliweza kuona ua wetu wote, na hakukosa kuutazama.

Walizungumza kila siku, lakini kupitia kwangu, hata waliposimama mahali ambapo kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

"Mwambie mkwe wangu kuku wake wameingia kwenye mboga," mama angesema.

"Mwambie mama nimesikia," mume wangu angejibu, akiwa amekwisha kuokota fimbo.

Mimi sikusema neno. Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati tu.

Shida ilikuwa safari. Jumapili, tarehe 16 Aprili 1967, wanawake wanne wa kanisa, watu wa moyo mwema kabisa, walikuwa wakimshusha mama kutoka kwenye pikapu ya kukodi. Tope lilikuwa limelowesha mbao. Mmoja aliteleza, watatu wakamfuata, na mama akaanguka na kiti chake chote. Nyonga ikavunjika, akarudi hospitalini hadi Julai. Aliporudi alituambia jambo moja, kisha hakulirudia: "Mikono ya watu ni mizuri kwa kuomba. Mimi sitabebwa tena."

Mume wangu alilifikiria neno hilo kwa miezi. Mwezi wa Februari 1968 alikuja nyumbani akiendesha gari kuukuu la kusambazia mikate. Lilikuwa na sanduku kubwa la bati nyuma, na ukuta wa mbao uliotenganisha sanduku na kiti cha dereva. Nilipouona ukuta ule nilielewa kwa nini alilichagua. Mama angesafiri nyuma, mkwewe mbele, na heshima ingekaa katikati kama abiria wa tatu.

Aling'oa rafu za mikate, akaacha miti michache ya kushikilia. Akachukua mota ya kuwashia lori lililokufa, akaiunganisha na gia za kupunguza mwendo, akafunga ngoma yenye waya wa chuma. Waya ulishikizwa kwenye kiti cha mama kwa ndoano, mbao mbili zikateremshwa mlangoni, na mtu akibonyeza swichi, kiti kilipanda taratibu kikiwa na mama juu yake, hakuna mkono wa mtu uliomgusa. Akibonyeza upande wa pili, kiti kilishuka. Gia zile zilikuwa na mshiko mkali: umeme ukikosekana, ngoma haikwenda mbele wala nyuma. Huo ndio uliokuwa usalama wake, alisema. Watu wa gereji waliiita mashine hiyo winchi, na watoto wa njiani wakaiita mkwe wa chuma.

Winchi hiyo ilikula umeme kama ng'ombe mwenye ndama. Betri ya gari peke yake haikuimudu, kwa hiyo aliweka betri ya pili ndani ya sanduku, kando ya mota, iliyojazwa na dainamo tukiwa safarini. Juu yake alitundika taa ndogo, kwa sababu mama alisema hakukubali kukaa gizani kama mkate. Na kati yao wakakubaliana, kupitia kwangu, kuhusu fimbo ya mama: akigonga ubao mara moja, twende, akigonga mara mbili, simama.

Kila Ijumaa, siku ya maandalio, kabla Sabato haijaingia, mume wangu alizihudumia betri zote mbili. Alifungua vibanio vya nyaya, akaviosha pamoja na vichwa vya betri kwa maji ya moto yenye magadi, akavikausha, akavirudisha, akavikaza kwa spana, na mwisho kabisa akapaka grisi juu yake ili ukungu mweupe wa asidi usiote. Alitazama kiasi cha maji katika kila chumba cha betri. Nilimshikia taa. Ndivyo nilivyojifunza, na sikuona haya kujifunza, kwa kuwa mtu aliyejifunza herufi akiwa na mtoto hana la kuogopa kwenye betri.

Sasa nifike kwenye shamba.

Mwanzoni mwa 1969 kamati ya wazee wa mipaka ilifika upande wa Magwagwa kuandikisha ardhi. Shamba la marehemu baba lilipakana na la mdogo wake, ambaye kwa desturi yetu ni baba yangu mdogo. Tangu mama alipohamia Gesima, baba mdogo alikuwa amepanda chai, na kila msimu mistari ya chai ilisogea hatua chache kuelekea kwetu. Mdogo wangu alikuwa shuleni na hakuujua mpaka. Mimi nilikuwa binti, na binti aliyeolewa hasikilizwi juu ya mpaka wa kwao. Mtu pekee aliyejua ulipopita alikuwa mama.

Habari ilitufikia kanisani: kamati ingekuwa shambani kwetu Jumapili, tarehe 9 Machi, saa tatu asubuhi. Kwetu hakuna anayepima ardhi siku ya Sabato, na Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Sharti la kamati yetu lilikuwa fupi. Mwenye shamba asimame mwenyewe kwenye mpaka wake na kuuonyesha. Asiyesimama amekubali mpaka wa jirani.

"Asiyesimama," mama alirudia, akiitazama miguu yake. Kisha akacheka. "Basi nitaketi. Mwambie mkwe wangu aiandae mashine yake."

Ijumaa ile, tarehe 7, gereji ilimchelewesha. Alifika nyumbani jua likiwa limekwisha kuwa jekundu. Hakuvua hata koti. Alianza na betri ya injini, akaifanya ipasavyo, kisha akaingia ndani ya sanduku kwa betri ya pili. Nilikuwa nimebeba mimba ya miezi saba, nimekaa kwenye ngazi ya gari na birika la maji ya moto. Alikuwa akiosha kibanio cha mwisho tuliposikia sauti kutoka ng'ambo ya njia.

"Mwambie mkwe wangu jua limeingia nyuma ya mlima."

Mume wangu aliinua macho. Bado ukingo wa jua ulionekana, mwembamba kama ukucha.

"Mwambie mama bado kidogo."

"Mwambie shemasi wa kanisa," mama alisema, na hapo sauti ilibadilika, "kwamba Sabato haingoji spana."

Alikuwa shemasi kweli. Nilimwona akipaka grisi kwa kidole upesi, akikisukuma kibanio mahali pake, akizungusha nati kwa vidole. Spana aliiweka juu ya ukuta wa mawe wa ua. Jua lilizama. Alifunga mlango wa gari, akanawa, tukaingia kuimba.

Mvua ilinyesha Sabato yote. Jioni yake jua lilipozama wageni wa kanisa walikuwa bado nyumbani kwetu, na walipoondoka alikwenda kujaribu winchi. Ilipanda, ikashuka. Taa iliwaka vizuri. Akaridhika, nami nikaridhika.

Jumapili tuliondoka alfajiri. Mama alipanda mbao akiwa amevaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe, ameketi wima. Waya ulimvuta bila kusita. Aligonga ubao mara moja.

Barabara ya kupitia Nyamira ilikuwa imechimbwa na mvua. Gari liliruka, likalala upande, likainuka. Mara mbili tulisukumwa na wapita njia. Mume wangu alipunguza mwendo kila gurudumu lilipotumbukia. Aliniuliza mara moja tu: "Mama yuko sawa?" Niligonga ubao. Fimbo ikajibu, mara moja.

Tulifika kwa wakati. Wazee wa kamati walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukunja kando ya njia, miavuli mapajani. Majirani walisimama kwenye ukingo wa chai. Baba mdogo alikuwa katikati yao, amevaa koti la sufi, mtu mwenye kicheko kizuri ambacho watu walikipenda na mimi sikukipenda.

"Shemeji!" alimwita mama kabla mlango haujafunguliwa. "Umekuja na mkate?"

Watu walicheka. Mume wangu alifungua mlango wa nyuma, akateremsha mbao, kisha akaondoka kusimama ubavuni mwa gari, mgongo umeelekea kwetu, kama alivyofanya siku zote. Nilipanda ndani. Mama alikuwa mzima, uso umelowa jasho la safari. Juu ya betri taa iliwaka. Nikabonyeza swichi ya kushusha.

Kilisikika kishindo kidogo, tak. Taa ikazimika. Mota haikuzunguka.

Niliachia swichi, na taa ikawaka tena, kama mtu aliyefumba na kufumbua macho. Nikabonyeza. Tak. Giza. Nikaachia. Mwanga.

"Kuna nini?" mume wangu aliuliza bila kugeuka.

"Haishuki."

Mwenyekiti wa kamati, mzee mrefu mwenye sauti ya upole, alisogea akatazama mbao, akatazama kiti kilichoshikwa na waya mlangoni. "Mama, karibu shambani," alisema. "Tunakungoja."

"Nakuja, mzee," mama alisema.

Dakika zilipita. Mimi nilibonyeza na kuachia, nilibonyeza na kuachia. Majirani walianza kunong'ona. Wanawake wawili walifika kwenye mbao, lakini mbao zilikuwa zimelowa na zimeinama kwa ukali, na mama aliwatazama tu wakarudi wenyewe. Kila mtu pale alijua habari za Aprili 1967. Vijana wa kiume walikuwepo, lakini wote walikuwa wa kizazi cha wanawe, na hakuna mwana wa ukoo ambaye angeshika kiuno cha mama yake mbele ya watu. Wazee wa kamati hawakuruhusiwa kumgusa mdai, wasionekane wamechagua upande.

Akabaki mmoja, naye alijua.

"Shemeji, mimi nitakubeba," baba mdogo alisema, akikunja mikono ya koti. "Wewe ni mwepesi. Nitakuweka vizuri kabisa."

"Utaniweka wapi?"

"Pale mpakani, wapi tena?"

"Mpaka upi?"

Alicheka. "Anayebebwa huketi anapowekwa, shemeji."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenyekiti alitazama saa yake, kisha akatazama mashamba mengine yaliyongoja juu ya kilima. "Mama," alisema, "tutafanya hivi. Tutavuka kwa jirani wa juu, kwa kuwa mpaka wake hauna ubishi. Tukirudi njia hii, kama hujafika kwenye mpaka wako, sharti unalijua."

Walipoanza kuondoka, baba mdogo aliwasindikiza kwa macho, kisha akamgeukia mume wangu.

"Na wewe, fundi? Mwanamume mzima umesimama kama nguzo ya ua. Si umbebe mwenyewe? Au mikono yako ni ya nyaya tu?"

Ulikuwa mtego, na ulikuwa wazi. Kama mkwe angemkumbatia mama wa mkewe mbele ya watu, baba mdogo angesimama mbele ya kamati na kuuliza: mtu asiyeijua heshima, ataujuaje mpaka? Na wangapi pale wangemjibu? Lakini mume wangu alikuwa amesimama akilisikia shamba la shemeji yake mdogo likipotea, na alijua, kabla yangu, kitu gani hakukimaliza siku ya Ijumaa. Nilimwona akivua koti. Akalitundika kwenye kioo cha gari. Akazunguka hadi nyuma, akaweka mguu mmoja juu ya ubao.

Ndani ya sanduku mama hakuinua sauti.

"Mwambie mkwe wangu ashushe mguu."

Mguu haukushuka.

"Mwambie, kama ananipenda, ashushe mguu. Shamba likienda litakwenda na mimi nikiwa na adabu zangu."

Alisimama pale, macho chini. Kisha mguu ukarudi ardhini. Alikwenda mbele, akaingia kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango, na sauti yake ikanijia kupitia ubao, karibu na sikio langu.

"Mama watoto. Wewe ndiye utakayefanya. Niambie taa inafanya nini."

Nilimwambia.

"Unapobonyeza, inafifia au inakufa?"

"Inakufa."

"Mota haijaungua, basi. Umeme upo lakini haupiti. Chukua taa ya kupimia, iko kwenye boksi la bati." Taa ya kupimia ilikuwa balbu ndogo yenye nyaya mbili. "Gusa vichwa vyenyewe vya betri. Madini yenyewe ya risasi, si vibanio. Mwambie mama abonyeze swichi."

Mama alinyoosha fimbo yake, akabonyeza swichi kwa ncha. Tak. Taa ya juu ikafa. Lakini balbu mkononi mwangu iliendelea kuwaka, tulivu, kana kwamba haikusikia.

"Inawaka," nilisema.

"Sasa hamisha waya mmoja. Toa kwenye kichwa, gusa kibanio cha kichwa hicho hicho."

Nilianza na cha kushoto. Ikawaka. Nikahamia cha kulia, mama akabonyeza, na balbu ikafa pamoja na taa ya juu. Kati ya kichwa cha betri na kibanio kilichokikumbatia, mahali pasipozidi unene wa karatasi, ndipo shamba lilipokuwa limekwama.

Nje baba mdogo alikuwa akiwatumbuiza majirani. "Tazameni maajabu ya Gesima! Mke ndiye fundi, na fundi ndiye abiria!"

Nilishika kibanio. Kilikuwa cha moto, na kilizunguka mkononi mwangu kama pete iliyolegea kidoleni. Grisi ilikuwa imeingia ndani, katikati ya risasi na risasi. Mume wangu alikuwa amenifundisha mara nyingi kwamba grisi ni ya kufunika, si ya kutandika. Sikumkumbusha. Nilimwambia tu kwamba kimelegea na kimejaa grisi.

"Futa yote," alisema. "Ndani na nje. Halafu kaza nati."

Nilifuta kwa upindo wa kitambaa changu cha kichwani mpaka risasi ikang'aa. Nikarudisha kibanio. Nikazungusha nati kwa vidole mpaka ngozi ikachubuka. Bado kilicheza.

"Spana," nilisema.

 Papo hapo tukakumbuka sote wawili: ukuta wa mawe wa ua wetu, jua jekundu, na spana ikilala juu yake. Koleo tulilokuwa nalo lilikuwa dogo, la kukatia nyaya, na liliteleza juu ya nati kila nilipolikaza. Tumbo langu lilikuwa limebanwa na mota, mtoto akipiga teke kama anayetaka kutoka akasaidie. Kupitia mlangoni niliona miavuli ya wazee ikishuka kilima, ikirudi.

"Kinacheza?" mama aliuliza.

"Kinacheza."

"Kama jembe kwenye mpini?"

"Hivyo hivyo."

"Basi mbona mnahangaika? Tia kabari."

"Mwambie mama amesema kweli," mume wangu alisema. "Msumari. Katika miti ya rafu kuna misumari. Ng'oa mmoja mwembamba. Upigilie katikati ya kichwa na kibanio. Lakini sikiliza." Sauti yake ilikuwa kavu. "Usiguse kichwa cha pili. Msumari ukigusa chuma kwa upande huu na ukagusa upande ule, cheche itaruka, na betri inaweza kupasuka. Mama ageuze uso."

"Mwambie mkwe wangu," mama alisema, "uso wangu unatazama mkono wa binti yangu, na hautageuka."

Niling'oa msumari kwa koleo. Nilifunika kichwa cha pili kwa kitambaa kilichokunjwa mara nyingi. Mtoto wa jirani alinirushia jiwe la ukubwa wa ngumi. Nikaweka ncha ya msumari mahali pake, nikapiga. Nilipiga pembeni. Jiwe likagonga bati. Nikapiga tena, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Risasi ni laini. Msumari uliingia, ukauma, na kibanio kikakaza hata sikuweza kukisogeza kwa mikono miwili.

"Tayari?"

"Tayari."

Wazee walikuwa wamefika kando ya njia. Mwenyekiti alikuwa akifunga mwavuli wake. Baba mdogo alianza kusema, "Wazee, kama mnavyoona..."

Nilibonyeza swichi. Taa ikapungua kidogo, lakini haikufa. Mota ikanguruma. Ngoma ikazunguka, waya ukalegea kwa mpango, na kiti cha mama kikaanza kushuka ubaoni, mkono wa mama ukiwa juu ya fimbo, kitambaa chake cheupe kikiwa mahali pake. Magurudumu yaligusa majani.

"Shikamooni, wazee," mama alisema. "Samahani, nilikuwa kwenye ngazi."

Mimi na wanawake wawili tulisukuma kiti katikati ya chai. Mama alihesabu kwa macho, si kwa hatua: mti huu, jiwe lile, bonde. Katika mstari wa tatu wa chai ya baba mdogo alisema, "Hapa. Chimbeni."

"Chai yangu!" baba mdogo alisema.

"Siku baba mkwe wetu alipowagawia wanawe shamba," mama alimwambia mwenyekiti, "jiwe la kusagia wimbi la mama mkwe wetu lilivunjwa vipande viwili. Kimoja kilizikwa huku, kimoja kule chini kwenye kijito. Cha kijito alikibeba huyu shemeji yangu, akiwa kijana. Alilalamika kwamba ni kizito."

Jembe lilipogonga kitu kigumu, baba mdogo alisema, "Mawe yamejaa shamba zima."

"Ligeuzeni," mama alisema.

Waliligeuza. Upande wa chini ulikuwa laini, umebonyea katikati, kama jiwe linavyobonyea likisagiwa na mikono ya mwanamke mmoja maisha yake yote. Mwenyekiti alipitisha kiganja chake ndani ya bonde lile. Akaagiza kigingi. Kigingi kikapigiliwa pale pale, na cha pili kwenye kijito, na mistari mitatu ya chai ikawa ya mdogo wangu siku hiyo, na ni yake hadi leo.

Tuliporudi kwenye gari mume wangu alikuwa amesimama ubavuni, mgongo umetugeukia, koti limerudi mwilini. Nilibonyeza swichi, na mama akapanda. Kabla sijafunga mlango alisema, kwa sauti ya kusikika hadi mbele:

"Mwambie mkwe wangu Ijumaa ni fupi. Kuanzia sasa betri azifanye Alhamisi."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Alifanya hivyo kila Alhamisi mpaka alipofariki, tarehe 3 Oktoba 1977, na baada yake nilifanya mimi. Lakini asubuhi ile, akiwa na tope hadi magotini, alisema tu:

"Mwambie mama nimesikia."

Nikapanda mbele. Fimbo ikagonga ubao mara moja, nasi tukaondoka.